Treni Niliyoagiza Kabla ya Kuiona

Miaka ile ya ujamaa watu wa Tarime walipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na mimi, mwalimu mtu mzima, nilikuwa nawaza treni ya kuchezea. Wilaya yetu haikuwa na reli. Treni nilikuwa naichora ubaoni tu, sikuwahi kuipanda.

Mwenye duka, mzee aliyehamia kwetu zamani kutoka pwani, alinionyesha kipande cha boksi chenye picha: kichwa cheusi cha treni na mabehewa matatu. Ndugu yake wa ng'ambo ya mpaka angeleta chache, kwa walioagiza tu, nao watangulize debe la mahindi.

"Ina ukubwa gani, mzee?"

Akatanua mikono, kisha akaipunguza. "Kusema kweli, sijaiona."

"Na reli zake?"

"Nikisema zipo nitakuwa nakudanganya, mwalimu." Akatabasamu. "Lakini mtoto hatajali reli."

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa miaka mingi bila mtoto. Nikainamisha macho, nikasema nitafikiri.

Nikafikiri kweli. Mahindi tunakula, ile treni ya pichani hata mwenye duka hakuijua. Nilikuwa nimeanza kuikatia tamaa, hadi jioni moja mke wangu aliporudi kutoka dukani, akatua kikapu bila kunitazama.

"Mzee wa duka amenipa pongezi," alisema. "Eti umeulizia treni ya mtoto. Wanawake wote wakanitazama tumbo."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Yangu."

Alichochea moto. "Basi peleka mahindi. Ila ukamwambie ni yako, mbele ya watu wale wale."

Nikaenda. Nilisema kwa sauti ndogo hata mzee akanitaka nirudie. Mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Sabuni hakuna, mwalimu anataka treni!" Hilo ndilo lililoniuma, maana lilikuwa kweli.

Ilifika baada ya mvua za masika. Ilikuwa ndogo kama kiganja, ya kuzungushwa kwa ufunguo, ina behewa moja, na reli hazikuwepo. Niliiweka mezani ikakimbia moja kwa moja hadi ukingoni. Mke wangu akaidaka, akacheka mpaka akakaa chini.

Mara jirani yetu mzee akapiga hodi, amekuja kuazima jembe. Upesi nikaifunika treni kwa kanga. Mke wangu akaifunua.

"Mura, kijana wangu, hiki nini?" mzee akaniuliza.

"Treni ya mume wangu," mke wangu akajibu, akamsogezea kiti.

Mzee aliigeuza chini juu, akanusa mafuta yake, akaomba aonyeshwe inavyokwenda. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nikazungusha ufunguo.