Kaka Shabani Anauzwa

Juzi hapa Hopkins, mji tunaoishi huku ughaibuni, mjukuu wangu Neema aligoma kula. Kisa? Wanasema yule mrushaji mpira nyota wa timu yetu ya besiboli atauzwa, na kila saa inatajwa timu nyingine inayomtaka.

"Bibi, wakimuuza je?"

Neno hilo nalijua tangu utotoni.

Kaka yangu Shabani alikuwa golikipa wa timu ya shamba la mkonge, kule Korogwe. Mchana mmoja viongozi wa timu, Mzee Mbaruku na Mzee Chande, walikuwa uani kwetu wakisuka wavu wa goli kwa kamba ya mkonge. Mama alikaanga dagaa, harufu ikachanganyika na ile ya mkonge mbichi.

"Timu ya watu wa bandari inatoa mabeki wawili impate Shabani," alisema Mzee Mbaruku.

"Wa reli wana mmoja tu, lakini ana teke la punda!" akajibu Mzee Chande. "Tumuuze Shabani huko."

Mimi nilijua kinachouzwa ni mbuzi, na mbuzi hufungwa. Nikaitazama ile kamba mikononi mwao, nikakimbia kumkumbatia kaka kiunoni.

"Wanakuuza!"

Alicheka mpaka akakohoa. "We Mwajuma, kwani mimi mbuzi?"

Siku hizi najua, mchezaji akiuzwa hafungwi kamba. Lakini Shabani alikwenda kwa watu wa reli, na kwa muda mrefu mama aliendelea kumfunikia chakula chake kila jioni.

Basi sikumkemea Neema. Niliifunika sahani yake, nikakaa naye kungoja habari.