Mawe ya Foleni

Juzi nilimwona mtoto akipanga mawe njiani, nikacheka peke yangu.

Tulikuwa tumehama Kariakoo kwenda pembezoni mwa mji, mtaa wa kimya ambako mama hakumjua mtu. Mchana ule nilikuta mawe yamepangwa mbele ya duka la ushirika, palipokuwa pakinuka mafuta ya taa. Nikayabeba, nikajenga jiko la kupikia michanga. Kumbe kila jiwe lilimshikia mtu nafasi kwenye foleni ya sukari!

"Mtoto wa nani huyu?" akina mama wakafoka.

"Wangu, jamani. Tumehamia wiki hii," mama akajibu kwa unyonge.

"Haya, mgeni, simama hapa na sisi. Mwanao ameshapika mawe yetu!"

Ikabidi wote wapange foleni wenyewe, juani. Nilikuwa nangoja kuchapwa nilipomsikia mama akicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tuhame.