Mkate wa Pembeni

Usiniangalie hivyo. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nimeona mengi, na siku hiyo sikuwa na homa wala usingizi. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, taa zinawaka, redio inaongea. Wallahi nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Nafanya kazi kwenye duka la mikate, karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, huku ughaibuni. Wenyewe ni ndugu wawili kutoka Martinique, kisiwa cha kule Karibiani: Maman Solange anasimamia duka, kaka yake Tonton Gérard anaoka. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia maofisi kule Schuman, kwa hiyo kazi hii yenye joto na harufu ya nazi niliishika kwa mikono miwili.

Bon. Kila asubuhi tunatoa mikate ya nazi thelathini, unga anapima Maman Solange mwenyewe. Ikifika saa tatu, akishuka kuhesabu, ni ishirini na tisa. Kila siku! Mlango wa nyuma umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Sasa mwizi nani? Mgeni, bila shaka. Maman Solange hakunitukana, ila alianza kuuangalia mkoba wangu nikitoka. Alhamisi moja akaniambia, "Ma fille, ukiwa na njaa, omba." Nisipompa maelezo mpaka Jumamosi, nitafute kazi kwingine. Aibu niliyoisikia! Mimi, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akirudisha hata embe la jirani lililoangukia kwetu!

Nikaanza kuchunguza. Tonton Gérard akisikia habari ya mkate, anakohoa, anageukia tanuri. Hm! Halafu nikaona: donge moja alilikanda peke yake, mbali na mengine, na mkate wake akauweka pembeni, rafu ya chini kabisa. Nikasema, huyu ana mwanamke mahali, na mzigo nabebeshwa mimi. Siku za mwizi ni arobaini, Tonton.

Ijumaa, alipotoka kuvuta sigara, nikachota konzi nzima ya chumvi nikaichanganya ndani ya lile donge. Atakayekula atatema mbele ya watu, nami nitamjua. Nilijiona nina akili sana.

Mikate ikaiva. Tonton akaondoka na oda za wateja wa mtaa wa Etterbeek. Nikapiga deki jikoni, nikaenda mbele kupanga mikate kwenye kabati la kioo, dakika tano tu. Niliporudi, mama mzee alikuwa amekaa juu ya gunia la unga. Aproni, kitambaa cha manjano chenye miraba kichwani, miguu mitupu. Anatafuna ule mkate wa pembeni.

Nikapapasa mfuko: ufunguo upo. Sakafu ilikuwa bado na maji, na nyayo zilizokuwepo ni zangu peke yangu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilisema kijinga tu, "Maman, umepitia wapi?"

Akaacha kutafuna. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitesa. Akauliza taratibu, "Nani ametia chumvi?"

"Mimi, Maman."

"Basi mwambie Gérard nimekwenda."

Nikapepesa macho, na juu ya gunia hapakuwa na mtu. Mkate uliong'atwa ulikuwa pale, wa moto bado.

Kelele zangu zilimshusha Maman Solange mbio. Nikamweleza yule mama alivyokuwa, kitambaa chake, mpaka pengo la meno ya mbele. Akakaa chini palepale. "Ni mama yetu," akasema. Ndiye aliyefungua lile duka, na alikufa miaka sita iliyopita.

Tonton aliporudi, aliulamba ule mkate kwa ncha ya ulimi, akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima. Miaka ya mwisho daktari alimkataza mama yake chumvi kwa sababu ya presha, na yeye ndiye aliyekuwa anamwokea mkate wake. Baada ya mazishi aliendelea. Dada yake, mtu wa kanisa, akamkataza, ndiyo maana alificha, hata nilipofanywa mwizi. Na kule kwao wanasema maiti akionja chumvi anakumbuka kwamba amekufa, anarudi kaburini, hatoki tena.

Unajua kinachoniuma? Nilikuwa najua! Bibi yangu alikuwa akiwapikia wazee waliotangulia, akiwawekea pembeni vilevile, na wali wao hautiwi chumvi kamwe. Lakini hasira ya kuitwa mwizi ilinifumba macho.

Maman Solange aliniomba radhi, kazi ninayo mpaka leo. Tonton hajanigombeza hata mara moja. Bado anakanda donge moja bila chumvi, anauweka mkate pembeni, na ikifika saa tatu anainama kuangalia rafu kabla hata ya kunisalimia.

Kwa hiyo nisikilize. Nyumba ya watu ikipungukiwa kitu kidogo kila siku, na kuna mmoja asiyelalamika, usimtegee mtego. Mkalishe, umuulize. Mimi sikuuliza. Sasa nahesabu mimi mwenyewe, na hakuna anayeniita mwizi tena. Thelathini. Kila asubuhi, thelathini.