Simba Aliyezibwa Mdomo

Nilimsokomeza simba gunzi la hindi mdomoni. Usiogope, rafiki yangu, simba mwenyewe ni wa zege: yule wa bomba la zamani la mtaani kwetu Rau, aliyekuwa akitema maji mchana kutwa. Bibi alitulazimisha kumwamkia kabla ya kunywa, eti ni mkubwa kuliko babu. Nami, darasa la tano, kichwa maji, nikataka kumfundisha kuitikia marahaba. Gunzi likanasa. Nikaligonga kwa jiwe, taya likabanduka. Wenzangu walicheka mpaka wakaangusha ndoo.

Maji yakafungwa. Wahuni wenzangu wakaja kumalizia kazi: macho wakang'oa, uso wakaupaka rangi.

Zamani asubuhi zetu zilikuwa na sauti, bwana. Maji yakipiga ndoo, mtori wa ndizi ukitokota, jirani akigomba: "Nyie wajukuu wa huyu bibi, foleni mnaijua au mmelelewa na mbuzi?" Bibi, miguu imemkatalia, aliyasikiliza yote dirishani. Baada ya gunzi langu, kimya. Kila alipoamka aliuliza, "Maji yamekwenda wapi?" Nilijifanya sisikii. Kabla ya Krismasi tukampandisha mlimani, tukamzika kihambani, shamba la ukoo wetu, katikati ya migomba.

Tangu hapo swali lile hunifuata hadi shuleni. Bomba lolote likikoroma, naitika, "Naam, bibi." Wenzangu hudhani natania.

Wiki iliyopita mtaa ukaleta fundi kumkarabati simba. Nikatoa lile taya nililolificha chini ya kitanda, nikalifunga kwa jani la sale, lile ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Jirani akaangua kicheko. "We mtoto! Unaliomba zege radhi?"

"Lete hilo taya, bwana mdogo," fundi akasema, "saruji inakauka."

Leo kafungua koki. Simba akakohoa kutu, akatema. Sauti ileile! Nikageukia dirisha la bibi kama bwege. Pazia tu. Wala hakuna aliyekuja na ndoo. Siku hizi kila nyumba ina bomba lake, na wa kugombana naye kwenye foleni hayupo.

"Shikamoo," nikamwambia simba, polepole, nisichekwe.

Mama alikuwa nyuma yangu. Miaka yote hii hakuwahi kuniuliza kitu kuhusu lile gunzi.

"Chuma sale lingine," akasema. "Panda mlimani, ukamwambie bibi yako maji yamerudi."