Mutunza silaha wa kambi ya Beni

Mutunza silaha wa kambi yetu ya Beni, wakati wa vita, alikuwa mutu wa sauti ndogo, mikono yake ikinuka mafuta ya bunduki hata kwenye misa. Bertrand alipopata habari kwamba muke wake amekufa Kisangani, alikuja kuomba bunduki yake, na haikuwa zamu yake. Mutunza silaha akamutazama, akaifungua vipande vipande mbele yake.

“Iko na kutu,” akasema.

“Haiko na kutu, chef.”

“Iko. Ikaa, tuisafishe pamoja.”

Wakasafisha bunduki safi mpaka jioni. Bertrand akaanza kulia.

“Chef, nilikuwa nataka kujiua.”

“Najua. Kesho tutasafisha ya kwangu.”

Kesho yake Bertrand alifika kabla ya chai.