Sufuria Isiyo na Kitunguu

Nilipomaliza chuo nikakosa kazi, nilipata kibarua cha jikoni katika hekalu la Wahindu mjini Kericho. Familia mbili za Wajaini, dini nyingine yenye asili ya India, husali humo pia, sanamu yao ikiwa kando ya zile za Wahindu. Siku ya kwanza nilimenya viazi na vitunguu, vitu ambavyo Wajaini hawali kwa sababu kuving'oa huua mmea mzima.

"Wewe kijana, hapana weka hiyo!" akafoka mama Mhindu aliyesimamia jikoni. "Leo mzee mmoja Mjaini anakula hapa. Yeye atakula nini? Mawe?"

"Lakini mama, yeye ni mmoja. Nyinyi ni wengi."

"Basi! Sisi wengi tutashiba tu bila kitunguu."

Siamini miungu yao, wala Mungu wa kwetu simwamini sana. Lakini jibu hilo lilinirudia tulipomzika nyanya kule Roret. Mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, ni wa kanisa linalokataza chai, hata kuketi inaponywewa. Mama aliomba siku hiyo moja tu wageni wote wapewe maziwa matupu, ili kaka yake anywe nasi.

"Tuache chai kwa ajili ya mtu mmoja?" mchungaji wetu akauliza. "Na majani tunachuma wenyewe! Akunywe maji ya mto." Wazee wakacheka, midomo imejaa mkate.

Mjomba alimzika mama yake, akarudi kwake na njaa. Mama alibaki amesimama langoni, akimtazama akienda. Kilichonichukiza zaidi ni kikombe mkononi mwangu: kilikuwa cha chai, na nilikuwa nimekimaliza.