Barafu Juu ya Kope

Nilikuwa nikisubiri kupimwa presha katika kituo kimoja cha afya hapa Makiso. Kwa sababu ya joto, daktari kijana alikuwa ameacha mlango wazi, nasi wa kwenye benchi tukasikia yote ya mume na mke waliokuwa ndani.

"Docteur, bibi yangu analala mu kanisa," mume alishtaki. "Pasteur anamutazama tu."

"Silale, papa! Jicho ndiyo inajifunga yenyewe," mke akajibu. "Asubuhi iko muzuri. Mangaribi inaanguka."

Daktari alimwambia atazame dari bila kushusha macho. Polepole kope ya kushoto ikashuka. Hapo daktari akatoka mbio kumwita mama aliyeuza maji ya vifuko nje.

"Mama, leta sachet yenye imekuwa barafu!"

"Docteur, ile ni ya kunywa, hapana ya macho!"

Daktari aliiweka juu ya kope. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Mume aliinama, akalitazama kwa karibu.

"Eeh! Kumbe uko hapo!"

"Sasa uende uambie pasteur."

Daktari akaeleza kwamba kope ikifunguka kwa baridi, huenda ni ugonjwa adimu: ujumbe wa neva haufiki vizuri kwenye misuli. Vipimo vitathibitisha, na dawa ipo.

"Bila ile formation ya mwezi ilipita," akasema akicheka, "ningemupatia vitamine."

Benchi zima likapiga makofi. Semina nyingi za mafunzo huishia kwenye cheti ukutani. Hii ilifika kwenye jicho.

Marehemu mke wangu naye kope zilimshuka kila jioni, akapewa vitamini. Wenzangu walipoacha kupiga makofi, mimi niliendelea kidogo.